Mwongozo kamili wa kupaka rangi ya Gram: kutoka koloni hadi hadubini

Rangi ya Gram hugawa bakteria makundi mawili chini ya hadubini: Gram-chanya hutoka zambarau, Gram-hasi hutoka waridi. Malalamiko yanayorudi kila mara ni mawili. Kwanza, bakteria wanaojulikana kuwa Gram-chanya wametoka waridi. Pili, slaidi nzima ni zambarau, hata Escherichia coli, ambaye kila mtu anajua ni Gram-hasi. Anayekutwa na hayo hukimbilia kununua rangi mpya. Mara nyingi rangi haina kosa. Kosa liko kwenye sekunde chache za kufuta rangi, kwenye unene wa mpako (bakteria waliotandazwa juu ya slaidi), au kwenye umri wa bakteria wenyewe, na hilo la mwisho ndilo ambalo wengi hawalitazami kabisa.

Kabla hujagusa slaidi, shika jambo moja: rangi ya Gram haipimi jina la bakteria, inapima ukuta wake. Ukuta mnene ulio mzima hubaki na zambarau. Ukuta mwembamba huiachia. Ukuta mnene ulioharibika nao huiachia, na hapo ndipo slaidi inapokudanganya. Hatua zote zilizo hapa chini zina kazi moja, kuufikisha ukuta chini ya lenzi ukiwa katika hali aliyokuwa nayo bakteria alipokuwa anakua.

## Vifaa

- Slaidi mpya za kioo
- Kitanzi cha waya, au vitanzi vya plastiki vya kutumika mara moja
- Kichomi cha Bunsen au taa ya spiriti
- Maji yaliyokenekwa, au maji ya chumvi ya 0.85%
- Penseli ya kuandikia kwenye kioo
- Kibanio cha kushikia slaidi, na kichanja cha kuzilazia juu ya karai
- Chupa ya kubinya yenye maji, na saa inayoonyesha sekunde
- Karatasi ya kunyonya maji
- Hadubini yenye lenzi ya 100, mafuta yake maalumu, na karatasi ya kufutia lenzi
- Koti la maabara, glavu na miwani ya kukinga macho

Usitumie kalamu ya wino kuandika kwenye slaidi. Ethanoli itaufuta wino na utabaki na slaidi tatu usizojua ipi ni ipi.

## Kemikali nne na namna ya kuzitengeneza

Kristali vayoleti, rangi ya zambarau. Yeyusha gramu 2 za unga wake katika mililita 20 za ethanoli ya 95%. Kando, yeyusha gramu 0.8 za amoniamu oksaleti katika mililita 80 za maji yaliyokenekwa. Changanya vimiminika hivyo viwili, acha usiku kucha hadi saa 24 zitimie, kisha chuja kwa karatasi. Kuchuja si hiari: fuwele zisizoyeyuka hukaa juu ya slaidi zikiwa vidoto vya zambarau, na macho mageni huzihesabu kuwa ni kokasi, yaani bakteria wa mviringo.

Iodini ya Gram. Gramu 1 ya iodini, gramu 2 za potasiamu ayodaidi, na maji mililita 300. Anza kwa kuyeyusha potasiamu ayodaidi katika maji kidogo, mililita 5 hadi 10, ndipo utie iodini na kukoroga hadi iishe, kisha ongeza maji yaliyobaki kidogo kidogo. Ukitupa iodini moja kwa moja katika maji mengi haitayeyuka, maana yenyewe haipatani na maji. Ayodaidi ndiyo inayoibeba. Hifadhi katika chupa ya kahawia iliyofungwa barabara. Siku ikigeuka kutoka rangi ya chai kavu kuwa ya manjano hafifu, imwage.

Kifuta rangi. Ethanoli ya 95% inamtosha anayejifunza. Mchanganyiko wa ethanoli na asetoni, nusu kwa nusu, hufanya kazi kwa kasi zaidi na humwadhibu mwenye mkono mzito. Asetoni tupu ni kali kuliko zote. Chagua moja, uizoee, usibadilishebadilishe.

Safranini, rangi ya waridi. Yeyusha gramu 2.5 katika mililita 100 za ethanoli ya 95%. Hiyo ndiyo akiba. Ya kutumia ni mililita 10 za akiba pamoja na mililita 90 za maji.

Bakteria wa kulinganishia. Hawa wahesabu kuwa sehemu ya kemikali. Unahitaji aina moja ya Gram-chanya, kwa mfano Staphylococcus epidermidis, na moja ya Gram-hasi, kwa mfano aina ya E. coli ya maabara isiyosababisha ugonjwa. Slaidi isiyo nao haina wa kuishuhudia.

## Kinachotokea kwenye ukuta

Ukuta wa bakteria umesukwa kwa peptidoglaikani: nyuzi ndefu za sukari mbili zinazopokezana, zilizounganishwa na vipande vifupi vya asidi amino, kama wavu uliozungushwa seli nzima. Kwa Gram-chanya wavu huo umelala tabaka juu ya tabaka hadi kufikia unene wa nanomita 20 hadi 80. Kwa Gram-hasi una nanomita chache tu, na nje yake kuna utando wa pili wenye mafuta mengi na lipopolisakaraidi, yaani mafuta yaliyoungana na sukari.

Kristali vayoleti huingia katika seli zote. Iodini huifuata ndani, huungana nayo, na kinachopatikana ni donge kubwa lisilotoka kirahisi. Kisha inakuja ethanoli. Inayeyusha mafuta ya utando wa nje wa Gram-hasi, na papo hapo inavuta maji kutoka kwenye wavu. Wavu mnene ukikaushwa hivyo husinyaa, vitundu vyake hubana, na rangi hukwama. Wavu mwembamba hauna uwezo wa kuizuia, rangi inatoka, seli inabaki bila rangi. Safranini inakuja kuipa waridi ili ionekane.

## Hatua ya 1: Otesha bakteria wachanga

Hapa ndipo slaidi nyingi huharibika kabla hata ya chupa ya rangi kufunguliwa.

Chukua bakteria kutoka kwenye sahani ya agari ya kawaida (jeli yenye chakula cha bakteria) iliyokaa katika joto linalowafaa kwa saa 18 hadi 24. Kwa E. coli na Staphylococcus joto hilo ni nyuzi 37 za Selsiasi. Sahani iliyolala kwenye jokofu wiki mbili haifai, hata kama koloni zake, yale marundo ya bakteria yanayoonekana kwa macho, zinang'aa. Pandikiza upya kwanza.

Sababu iko katika namna bakteria anavyokua. Ili seli irefuke na kugawanyika, lazima wavu wake ufunguliwe mahali fulani na nyuzi mpya zipachikwe. Vimeng'enya vya kukata na vimeng'enya vya kusuka hufanya kazi bega kwa bega. Kusuka kunahitaji malighafi na nishati, na vyote viwili vinatoka katika sukari na virutubisho vingine anavyovunja bakteria. E. coli mwenye chakula kingi na joto zuri anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo baada ya usiku mmoja chakula cha karibu na koloni kimeshapungua sana na uchafu wa kimetaboliki umerundikana.

Bakteria akiingia katika hali hiyo, usukaji unapungua, lakini vimeng'enya vya kukata havikomi vyote. Wavu unaanza kuwa na mianya isiyozibwa. Kwa Gram-chanya, mianya hiyo ndiyo mlango wa rangi kutokea. Bacillus na Clostridium ni wepesi mno wa kuharibika namna hii: sahani ya saa 48 inaweza kukuonyesha fito za zambarau, fito za waridi, na nyingine zenye madoa ya rangi zote mbili, ilhali wote ni ukoo mmoja. Jamii hizi zisome mapema, ikiwezekana kabla ya saa 18.

Viuavijasumu vya kundi la penisilini huleta matokeo yaleyale kwa njia ya karibu, kwani huzuia kuunganishwa kwa nyuzi mpya. Kama sampuli imetoka mahali palipokuwa na dawa hizo, soma rangi kwa tahadhari.

Epuka pia kuchukua koloni kutoka kwenye agari teule, yaani ile iliyotiwa chumvi za nyongo, rangi au dawa za kuzuia baadhi ya bakteria. Seli zinazoota humo zimepambana na sumu na umbo lake huweza kupotoka.

Dalili ya kufanikiwa: koloni zilizotengana, za sura moja, zilizoota ndani ya siku moja.

## Hatua ya 2: Safisha slaidi

Pangusa slaidi kwa ethanoli, ikauke, kisha ipitishe kwenye moto mara moja. Slaidi hata mpya huwa na mafuta mepesi. Jaribio lake ni rahisi: weka tone la maji. Likitandaa, slaidi ni safi. Likijikunja kama tone juu ya jani la mgomba, bado ina mafuta, na mpako wako utang'oka wakati wa kusuuza.

Chora kwa penseli duara tatu upande wa chini: wa kushoto kwa Gram-chanya anayejulikana, wa kulia kwa Gram-hasi anayejulikana, wa katikati kwa bakteria unayemchunguza. Wote watapata sekunde zilezile za rangi na za kufuta.

## Hatua ya 3: Tandaza mpako

Tia tone dogo la maji, dogo kuliko unavyodhani linatosha. Choma kitanzi hadi kiwe chekundu, kipoe kwa sekunde 10 hadi 15, gusa koloni kwa ncha tu, kisha koroga taratibu ndani ya tone na utandaze upana wa sentimita moja hivi.

Kosa la kawaida ni kuchota koloni nzima. Mpako mnene una seli zilizolaliana, na kifuta rangi hakizifikii zote kwa wakati mmoja: za juu zinafutika kupita kiasi, za chini hazijaguswa. Hakuna hesabu ya sekunde inayoweza kuuokoa mpako wa namna hiyo.

Kama bakteria wako kwenye mchuzi wa virutubisho, usiongeze maji. Weka matone ya kitanzi mawili moja kwa moja. Mchuzi ulio mwangavu kabisa huenda usikupe kitu cha kuona: chini ya seli 100,000 hivi kwa mililita, macho yatatafuta muda mrefu bila kupata. Uzungushe kwanza kwenye mashine ya kutenga mashapo, utumie mashapo yake.

Dalili ya kufanikiwa: mpako ukikauka ni ukungu mweupe hafifu, na ukiuweka juu ya maandishi ya gazeti unayasoma bila taabu.

## Hatua ya 4: Kausha, kisha gandisha

Acha mpako ukauke wenyewe hewani. Usiuharakishe kwa moto. Seli zilizo ndani ya maji yanayochemka hupasuka na kukunjamana, na seli iliyopasuka haina ukuta wa kushikilia rangi.

Ukishakauka kabisa, gandisha, yaani zinatishe seli kwenye kioo: pitisha slaidi juu ya ncha ya moto mara mbili au tatu, kwa haraka, mpako ukiwa upande wa juu. Gusisha upande wa chini wa slaidi kwenye mgongo wa mkono: iwe na joto unaloweza kulivumilia. Ikikuunguza, umepika.

Njia ya pili, na kwa maoni yetu iliyo bora, ni methanoli. Funika mpako kwa matone machache kwa dakika 2, mwaga, acha ukauke, na usipitishe kwenye moto tena. Methanoli hugandisha protini za seli bila kuharibu umbo, na mpako hushika zaidi kwenye kioo. Lakini ni sumu na inashika moto haraka, kwa hiyo uzimwe moto kabla ya kufungua chupa.

Tahadhari: kugandisha hakuui kila kitu. Spora za Bacillus, yaani seli zake zilizolala ndani ya ganda gumu, huvumilia moto huo mfupi. Endelea kuishika slaidi kama kitu chenye bakteria hai.

## Hatua ya 5: Kristali vayoleti, sekunde 60

Lazima slaidi ipoe kwanza, vinginevyo rangi itakauka pembeni na kuacha fuwele. Funika mpako wote, hesabu sekunde 60, inamisha slaidi umwage rangi, kisha suuza kwa maji ya upole kwa sekunde mbili hadi tano.

Maji yasipige mpako moja kwa moja. Yaelekeze juu ya mpako yateremke yenyewe. Na usisuuze kwa muda mrefu: wakati huu rangi bado haijafungwa na iodini, na maji pekee yanaweza kuitoa hata kwenye Gram-chanya.

## Hatua ya 6: Iodini, sekunde 60

Tia iodini kidogo isukume maji yaliyobaki, mwaga, kisha funika tena na uhesabu sekunde 60. Suuza kidogo.

Kwa hatua hii ni heri kuzidisha sekunde kuliko kupunguza. Iodini iliyochakaa au iliyowekwa kwa sekunde kumi hufanya madonge machache, na Gram-chanya watakuja kuonekana waridi ingawa kila kitu kingine umekifanya sawasawa. Watu huilaumu ethanoli kwa kosa la iodini.

Dalili ya kufanikiwa: duara zote tatu zina zambarau nzito, karibu na nyeusi. Ukiangalia wakati huu, Gram-chanya na Gram-hasi hawatofautiani.

## Hatua ya 7: Futa rangi, hatua inayoamua kila kitu

Soma sehemu hii yote kabla hujashika chupa ya ethanoli. Zima moto. Weka chupa ya maji karibu na mkono wa pili, imefunguliwa.

1. Gusisha ukingo wa slaidi kwenye karatasi ya kunyonya ili maji yaliyobaki yatoke. Maji hayo hubadilisha nguvu ya kifuta rangi, na hesabu yako ya sekunde inapoteza maana.
2. Ishike slaidi kwa kibanio, imeinama kama paa la nyumba.
3. Dondosha ethanoli tone baada ya tone juu ya mpako ili iteremke juu ya duara zote. Usiiloweshe slaidi na kuiacha imelala.
4. Tazama majimaji yanayotoka upande wa chini, si mpako wenyewe. Mwanzoni yana zambarau nzito, kisha hafifu.
5. Pale tu yanapoanza kutoka meupe, suuza kwa maji mengi papo hapo. Maji ndiyo yanayosimamisha kazi ya ethanoli.

Kwa mpako mwembamba na ethanoli ya 95%, muda wote huo ni sekunde 10 hadi 15. Kwa mchanganyiko wa ethanoli na asetoni ni sekunde 1 hadi 5. Hesabu kwa sauti, halafu andika ulihesabu ngapi, ili slaidi ya pili isahihishwe kwa tarakimu badala ya kubahatisha.

Sababu ya makali haya ni kwamba tofauti ya Gram-chanya na Gram-hasi ni ya mwendo. Gram-hasi huachia rangi haraka, Gram-chanya huiachia polepole sana, lakini huiachia. Ethanoli ikikaa vya kutosha, hata Staphylococcus mzima, mchanga, atafutika. Unachotafuta ni ule muda mfupi ambamo mmoja ameshafutika na mwingine bado.

Ukiona zambarau imebaki sehemu moja tu, pale mpako ulipolundikana, usiifukuzie. Ukiendelea kufuta kwa ajili ya bonge hilo, utaharibu sehemu nyembamba iliyokuwa tayari kusomwa.

Kwa mipako yenye usaha kuna shahidi wa bure: viini vya chembe nyeupe za damu vinapaswa kutoka waridi. Vikiwa na zambarau nzito, hujafuta vya kutosha.

## Hatua ya 8: Safranini, sekunde 30 hadi 60

Funika, hesabu, suuza kidogo, kausha kwa kubonyeza karatasi ya kunyonya bila kusugua. Hatua hii haina ugumu. Kama Gram-hasi wako wanatoka hafifu mno, ongeza muda hadi dakika 2, au badili utumie rangi nyingine, fuksini ya besi ya 0.1%, ambayo inapaka kwa nguvu zaidi.

## Hatua ya 9: Tazama kwa lenzi ya 100

Tafuta mpako kwa lenzi ya 10, usogeze mahali penye seli zilizotawanyika, safisha taswira kwa lenzi ya 40 bila mafuta. Zungusha lenzi katikati ya 40 na 100, weka tone moja la mafuta, kisha ingiza ya 100 ndani ya tone. Rekebisha kwa skrubu ndogo tu.

Mafuta yapo kwa sababu mwanga hupinda unapotoka kwenye kioo kwenda hewani na mwingi hupotea. Mafuta ya hadubini hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo unapita moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Bila mafuta, lenzi ya 100 hukupa ukungu tu. Usiwahi kurudisha lenzi ya 40 ndani ya mafuta. Haikutengenezewa hayo na huchukua muda mrefu kuisafisha.

Pandisha kondensa (lenzi ya kukusanya mwanga chini ya slaidi) hadi juu na fungua kiwambo chake cha mwanga. Seli zilizopakwa rangi zinahitaji mwanga mwingi, na wanaobana kiwambo huona kila kitu cheusi kisha wanaandika "Gram-chanya".

## Hatua ya 10: Soma kwa mpangilio

Anza na bakteria wa kulinganishia. Staphylococcus lazima wawe zambarau, mviringo, upana wa mikromita moja hivi, katika vichala kama zabibu. E. coli lazima wawe waridi, fito fupi zenye urefu wa mikromita 2 au 3. Mmoja wao akikosea rangi, slaidi yote haina hukumu. Usisome duara ya katikati, anza mpako mpya. Kukataa kwako kuisoma slaidi hiyo kuna thamani kuliko jibu lolote utakalolibahatisha.

Wakiwa sawa, tembea sehemu zisizopungua 10 za duara ya katikati, pale seli zilipolala moja moja. Andika mambo matatu: rangi, umbo, na mpangilio. Mfano: "zambarau, mviringo, mikufu kama tasbihi" au "waridi, fito, moja moja". Kama kuna fito zenye shimo jeupe lisiloshika rangi katikati au mwishoni, hizo ni spora. Ukuta wa spora haupitishi rangi hizi, nalo pengo lenyewe ni taarifa ya kuandikwa.

## Slaidi ikikataa

Kila kitu waridi, pamoja na Gram-chanya wa kulinganishia. Umefuta kupita kiasi, au iodini imechakaa, au umepika mpako kwa moto. Jaribu kwanza iodini mpya bila kubadilisha kitu kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kilichokuwa na kosa.

Kila kitu zambarau. Mpako mnene ndio mshukiwa wa kwanza. Wa pili ni ethanoli iliyowekwa kwa sekunde chache mno.

Wa kulinganishia wako sawa, wa katikati wana rangi mbili. Ikiwa maumbo pia ni mawili, una mchanganyiko wa bakteria, rudi kwenye kutenga koloni. Ikiwa umbo ni moja, fikiria umri. Otesha upya, usome baada ya saa 12 na baada ya saa 18. Zambarau ikiongezeka kwa walio wachanga, hao ni Gram-chanya waliozeeka.

Hakuna seli. Slaidi ilikuwa na mafuta, au mpako haukugandishwa, au unatazama upande usio na mpako. Hili la mwisho hutokea sana.

Vidoto vyeusi vya ukubwa tofautitofauti. Ni fuwele. Chuja kristali vayoleti.

Seli chache za waridi kwenye kila slaidi, hata zile tupu. Safranini au maji ya kusuuzia yameota bakteria. Paka rangi slaidi isiyo na mpako ili kuthibitisha, kisha mwaga chupa hiyo.

## Jaribio la haraka la kuthibitisha

Ukibaki na shaka, tumia potasiamu haidroksaidi ya 3%, yaani gramu 3 katika mililita 100 za maji. Weka tone moja kwenye slaidi, koroga ndani yake koloni changa kwa muda usiozidi sekunde 60, kisha inua kitanzi polepole. Kwa Gram-hasi, ukuta mwembamba hupasuka, DNA inamwagika, na tone linakuwa zito linalovutika kama utelezi wa bamia. Kwa Gram-chanya tone hubaki jepesi. Kemikali hii inachoma ngozi na macho, vaa glavu na miwani.

Jaribio hili linatazama ukuta uleule kwa njia nyingine kabisa, ndiyo maana likikubaliana na slaidi unaweza kutulia. Yasipokubaliana, andika yote mawili.

## Bakteria ambao njia hii haiwafai

Mycoplasma hawana ukuta wa peptidoglaikani, kwa hiyo hakuna cha kushikilia zambarau. Mycobacterium, kundi lenye bakteria wa kifua kikuu, wana ukuta wenye asidi za mikoliki, mafuta yanayokataa rangi za maji. Hutoka hafifu au kama vivuli vitupu, na hupakwa kwa njia nyingine ya rangi, iitwayo Ziehl-Neelsen. Treponema ni wembamba mno kuonekana. Chlamydia huishi ndani ya seli nyingine. Slaidi tupu mbele ya hawa haimaanishi kwamba hawapo.

## Kusafisha na kutupa

Futa mafuta kwenye lenzi ya 100 kwa karatasi ya lenzi mara unapomaliza, kabla hayajaganda. Sahani za bakteria na vitanzi vya plastiki vichemshwe kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15 baada ya joto kufika ndani ya mzigo. Slaidi zilizotumika zitiwe kwenye ndoo ngumu ya vitu vyenye ncha kali.

Majimaji ya kupaka rangi yana chombo chake. Usiyamwage kwenye ndoo ya dawa ya klorini: asetoni na ethanoli zikikutana na klorini hutoa kemikali zenye sumu. Rangi iliyoganda kwenye karai huondoka kwa ethanoli kidogo na karatasi, moto wote ukiwa umezimwa.